Nyuzi za matambara, chupa na mahindi: niliyoyaona baada ya mwaka mmoja wa kufuma Mtwara

Ninafuma kwa kroshia na kwa sindano mbili hapa Mtwara Mjini, na kazi zangu kubwa ni nguo za watoto wachanga, vitambaa vya makochi na vikapu vya kwenda navyo sokoni. Kwa miaka mingi nilitumia uzi wa akriliki, ule wenye rangi kali unaopatikana kila duka, kwa sababu ni wa bei nafuu na hauchuji, ingawa nilijua kwamba hutokana na mafuta ya petroli na nilikwisha kuona watoto waliovishwa sweta zake katika joto letu la Desemba wakitoka vipele shingoni. Mwaka jana duka moja la vifaa vya ushonaji hapa mjini lilianza kuleta nyuzi ambazo lebo zake zinasema zimetokana na mimea au na vitu vilivyokwisha kutumika. Nilinunua aina tano, madonge mawili mawili, na baadaye nikaongeza zile zilizonipendeza. Nimezifuma, nimezifua, nimezipiga pasi, nimeziuza na nyingine nimezifukia ardhini, na sasa ninaweza kuzisemea.

Iliyonifaa kuliko zote ni pamba iliyorejelezwa. Uzi huu hupatikana kwa kukusanya nguo kuukuu pamoja na vipande vinavyobaki viwandani wakati wa kukata nguo, kuvichambua kwa rangi, kuondoa vifungo na zipu, kisha kuvichana kwa mashine yenye meno mpaka kitambaa kirudi kuwa pamba ya kusokota. Kwa kuwa vipande huchambuliwa kwa rangi kabla ya kuchanwa, uzi mwingi wa namna hii hauhitaji kutiwa rangi upya, na hapo maji na kemikali nyingi huokolewa. Donge nililonalo la bluu ni bluu kwa sababu lilikuwa suruali za jinzi. Ukilitazama juani unaona vinyuzi vyeupe, vya samawati na vingine vinavyokaribia weusi vimeshikana ndani ya uzi mmoja, na kitambaa chake kikikamilika huwa na rangi tulivu, kama ya kanga iliyokwisha kufuliwa mara nyingi ikamzoea mwenyewe.

Udhaifu wa pamba hii unatokana na mashine ile ile inayoizaa. Meno yanayochana kitambaa hukata nyuzinyuzi zikawa fupi, na nyuzinyuzi fupi hazishikamani vizuri zinaposokotwa, kwa hiyo viwanda hulazimika kuichanganya na pamba mpya au na poliesta ili uzi usikatike. Donge langu lilikuwa na pamba iliyorejelezwa asilimia 75 na poliesta asilimia 25, na jambo hilo liliandikwa wazi kwenye lebo. Mkononi unahisi vinundu vidogo hapa na pale, na mara mbili nilikuta mahali uzi umekuwa mwembamba kiasi cha kukatika nilipouvuta kwa nguvu. Mtu anayejifunza kufuma atasumbuka kidogo, hasa akitumia kroshia nyembamba. Mimi nilihamia kroshia ya milimita 4 na tabu hiyo ikaisha.

Nilifuma kofia nne za watoto, vitambaa sita vya kuoshea vyombo na kizibao kimoja cha mtoto wa miezi sita. Kizibao hicho nilikipima kabla ya kukifua kwa maji ya bomba na sabuni ya kipande, na baada ya mara ya kwanza kilikuwa kimerudi kwa kiasi cha upana wa kidole kimoja upande wa urefu. Baada ya hapo hakikurudi tena. Jasho hukinyonya vizuri, na mama aliyekinunua aliniambia kwamba mtoto wake hulala nacho mchana bila kuamka akiwa amelowa. Tatizo lililobaki ni la hewa yetu ya pwani. Wakati wa mvua za Januari hadi Aprili, pamba ikikunjwa kabla haijakauka sawasawa hupata koga kwa siku tatu tu, na uzi huu haukunusurika: vitambaa viwili vilitoka madoa meusi ambayo ndimu na jua vilifaulu kuyapunguza lakini havikuyamaliza. Akriliki haina shida hiyo, na ni haki kulisema.

Donge la gramu 100 nililinunua shilingi 7,000, ambayo ni mara mbili ya akriliki. Wateja wangu wengi wa Chikongola na Magomeni hawalipi tofauti hiyo kwa ajili ya mazingira, bali wanailipa kwa ajili ya ngozi ya mtoto, na mimi ninaona sababu hiyo inatosha kabisa.

Aina ya pili ni poliesta ya chupa. Chupa za maji na soda zenye alama ya pembetatu na namba 1 chini yake hutengenezwa kwa plastiki iitwayo PET, na PET ni poliesta ile ile inayofumiwa nguo. Chupa huoshwa, huondolewa vifuniko kwa kuwa vifuniko ni plastiki ya aina nyingine, husagwa zikawa vipande vidogo, huyeyushwa kwa joto linalozidi kidogo nyuzi 250 za Selsiasi, kisha husukumwa kupitia matundu membamba kama ya chekeche zikatoka nyuzi. Kwa mtu wa Mtwara habari hii ina uzito wake, maana tunawaona vijana wanaookota chupa ufukweni Shangani na kuziuza kwa kilo, na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 chupa ndizo zimebaki taka inayoonekana kuliko nyingine.

Uzi wenyewe ni imara sana. Nilifuma vikapu vitatu vya sokoni, kimoja nikakitumia mwenyewe kwa miezi kumi kubebea nazi, samaki waliofungwa katika majani na mafungu ya mihogo, na mshipi wake haujalegea wala rangi yake ya kijani haijafifia pamoja na kutundikwa nje ya jiko kila siku. Samaki akivuja, ukikisuuza mara moja harufu huondoka, na kinakauka kabla chai haijachemka. Kwa vikapu, pochi, kamba za mapazia na mikeka midogo ya mlangoni ninaupendekeza bila kusita.

Kwa nguo za mtoto siupendekezi hata kidogo. Hauli jasho, unashika joto mwilini, na kuna jambo la pili ambalo halionekani kwa macho: kila poliesta inapofuliwa huachia vinyuzi vidogo mno vya plastiki vinavyokwenda na maji, na uzi wa kufumia, kwa kuwa ni mlegevu na wenye manyoya, huachia kwa urahisi. Haijalishi kama poliesta hiyo ni mpya au imetoka kwenye chupa. Maji ya beseni langu ninayamwaga uani, mvua inayachukua hadi mtaroni, na mtaro unaishia baharini, katika pwani ile ile yenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuichukua chupa ufukweni na kuirudisha baharini ikiwa vumbi si jambo ninalotaka lifanyike kwa mkono wangu, na ndiyo maana uzi huu nimeuwekea mipaka: vitu visivyofuliwa mara kwa mara, basi.

Uzi wa tatu ndio ulionisikitisha. Lebo yake ilikuwa na picha ya hindi na maneno yaliyosema kwamba umetokana na mmea na kwamba unaoza, na nilifurahi kupita kiasi nilipousoma. Malighafi yake ni wanga wa mahindi unaogeuzwa sukari, sukari ikachachushwa na bakteria ikawa asidi laktiki, ile ile inayoyafanya maziwa ya mgando yawe makali, na asidi hiyo ikaunganishwa kuwa plastiki iitwayo kwa kifupi PLA. Uzi wake unang'aa kidogo, ni mwepesi, hauchomi ngozi, na kitambaa cha kochi nilichokifuma kwa ua la nyota kilikuwa kizuri kuliko vyote vya mwaka ule.

Kisha nikakipiga pasi. Nyumbani kwetu umeme ulikuwa umekatika na mteja alikuwa anakuja saa kumi, kwa hiyo nikawasha pasi ya mkaa kama nilivyofanya miaka yote, nikatandika kanga iliyoloweshwa juu ya kitambaa, nikaishusha pasi pembeni kwanza. Sikusikia harufu yoyote ya kuungua. Nilipoinua kanga nilikuta majani matatu ya ua yamelala na kushikana yakawa kama karatasi ya nailoni, yanapitisha mwanga, na yalipopoa yakawa magumu, yakakwaruza kidole. PLA huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi na huyeyuka kwenye joto la nyuzi 170 hivi, na pasi ya mkaa haina kitufe cha kupunguzia. Hata maji ya moto ya kulowekea nguo nyeupe yanaweza kuiharibu. Lebo ilikuwa na alama ndogo ya pasi yenye nukta moja, ambayo maana yake ni joto dogo kabisa, lakini alama hiyo ilikuwa ndogo mara kumi kuliko picha ya hindi. Mteja nilimfumia kingine kwa uzi wa pamba, na hasara nikaibeba mimi.

Ahadi ya kuoza nayo inahitaji maelezo ambayo lebo haikuyatoa. PLA huoza katika mitambo maalumu ya kutengenezea mboji, ambamo joto hufika nyuzi 60 hivi na unyevu hudhibitiwa kwa wiki kadhaa. Ukiitupa jalalani, shambani au baharini, inakaa miaka. Hapa ndipo nilipoelewa jambo ambalo kila mnunuzi wa nyuzi hizi anapaswa kulishika kabla hajatoa pesa: swali la uzi umetoka wapi na swali la uzi utaishia wapi ni maswali mawili tofauti, na jibu zuri la swali la kwanza halilipi deni la swali la pili.

Mfano ulio wazi zaidi ni uzi wa nne, nailoni ya nyonyo. Mti wa nyonyo tunaufahamu, unajiotea nyuma ya nyumba na kandokando ya mashamba ya korosho bila kupandwa na mtu. Mafuta ya mbegu zake ndiyo malighafi ya nailoni iitwayo nailoni 11, hivyo uzi huo umetokana na mmea kabisa, haukuanzia kwenye petroli. Lakini ukiwa tayari ni nailoni kama nailoni nyingine, imara, unaoteleza, usiooza. Nilipata donge moja tu jembamba, nikalitumia kushonea vishikio vya vikapu, na kwa kazi hiyo ni bora mno. Sina zaidi la kusema juu yake isipokuwa kwamba bei yake ni kubwa na kwamba duka halikuuleta tena.

Uzi wa mwanzi, ambao ndio wa tano, una ulaini unaomshawishi kila mama anayeushika. Lebo nyingi husema tu kwamba ni mwanzi, kana kwamba mwanzi ulichanwa ukasokotwa kama mkonge, ilhali kwa kawaida ni viskosi: mwanzi huyeyushwa kwa soda kaustiki na kaboni disulfidi, kemikali ambayo inadhuru neva za wafanyakazi wanaoivuta, kisha ute unaopatikana ndio unaosukumwa ukawa nyuzi. Huko Marekani mamlaka ya biashara ilikwisha kuyaonya makampuni kwamba kitambaa cha namna hiyo lazima kiandikwe kuwa ni reyoni au viskosi. Ipo njia safi zaidi ya kuyeyusha mti, ile ya lyocell, inayotumia kiyeyushi ambacho karibu chote hukusanywa na kutumika tena, na kampuni ya Lenzing ya Austria ndiyo inayojulikana zaidi kwa nyuzi hizo. Mteja akiona neno lyocell kwenye lebo ana sababu ya kulipa zaidi. Uzi wangu wa mwanzi ulikuwa wa viskosi. Ukiwa mkavu hauna kosa, lakini viskosi hupoteza nguvu nyingi ikilowa, na gauni dogo nililolitundika kwenye kamba likiwa limejaa maji lilishuka mpaka likawa la mtoto mkubwa kuliko aliyeagiziwa. Nguo zake zianikwe zikiwa zimelazwa juu ya mkeka, na mwenye kuuza alipaswa kusema hivyo.

Mwezi Juni nilikata vipande vitano vya ukubwa wa kiganja, kimoja cha kila uzi, nikavifukia chini ya mkorosho uani kwa kina cha shubiri moja, kila kimoja na kijiti chake. Nilivifukua mwishoni mwa Novemba, kabla mvua hazijashika. Cha viskosi sikukiona kabisa. Mchwa na udongo walikuwa wamekimaliza. Cha chupa, cha mahindi na cha nyonyo vilitoka vikiwa na tope tu, nikavisuuza, vikawa vipya. Kilichonishangaza ni cha pamba iliyorejelezwa. Kilikuwa bado kina umbo la mraba, lakini nilipokiinua kilikuwa chepesi kama utando wa buibui: pamba yote ilikuwa imekwenda, ikabaki ile robo ya poliesta, wavu mwembamba wa samawati iliyopauka ukiwa umeshika mafundo yangu yale yale, moja baada ya jingine. Niliushika mkononi muda mrefu. Bado uzi huo ndio ninaoupendelea, ila sasa ninatafuta ule uliochanganywa na pamba mpya badala ya poliesta, na nimekwisha kumwomba mwenye duka auagize.

Sasa nizungumzie duka lenyewe. Mama anayelimiliki ni mkarimu, anakubali uguse uzi kabla ya kununua, anauza hata nusu donge kwa mtu asiye na pesa ya donge zima, na kwa wafumaji wanaoanza hilo ni jambo kubwa. Lakini katika kugawa huko lebo hubaki kwenye nusu moja, au hutupwa, na nyuzi zikishachanganyika kwenye kapu la vipande hakuna anayejua kipi ni kipi. Mwezi Machi nilimwuliza, "Shikamoo mama, huu ni pamba kweli?" Akanijibu, "Marahaba mwanangu, ni pamba, ushike uone ulivyo laini." Nilikata kipande cha urefu wa kidole nikakichoma kwa kiberiti mlangoni pake. Pamba na viskosi huwaka kwa moto wa njano wenye harufu ya karatasi, huacha jivu jepesi linalopeperuka ukilipuliza. Poliesta hujikunja, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kitone kigumu kinachong'aa. Kipande chetu kiliacha kitone. Mama yule aliona kwa macho yake, akanirudishia pesa yangu papo hapo na akaliondoa kapu lile, na kwa hilo ninamheshimu. Ila anunuaye asingoje kuokolewa na wema wa muuzaji: abebe kiberiti.

Kwa nyuzi zilizorejelezwa ipo pia alama ya GRS (Global Recycled Standard), yaani kiwango cha kimataifa cha bidhaa zilizorejelezwa, ambayo bidhaa hairuhusiwi kuibeba kwenye lebo yake isipokuwa angalau nusu ya malighafi yake imerejelezwa na hatua za kuitengeneza tangu kiwanda cha kurejeleza zimekaguliwa. Kati ya aina mbili za kurejelezwa nilizonunua, ya chupa ilikuwa nayo na ya pamba haikuwa nayo.

Bibi yangu mzaa mama, ambaye anaishi Mikindani, aliponitembelea mwezi Oktoba nilimwonyesha madonge yote na kumweleza kila kimoja kimetoka wapi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaushika ule wa chupa, akauvuta kwa mikono miwili, akasema, "Una nguvu. Lakini mbona usumba hujaniletea?" Nilikosa jibu. Usumba ni uzi wa makumbi ya nazi. Wanawake wa pwani hii huyafukia makumbi kwenye tope la ufukweni kwa miezi, huyafukua, huyaponda kwa magongo mpaka ubaki unyuzi, huuanika, kisha huusokota juu ya paja ukawa kamba. Hauharibiwi upesi na maji ya chumvi, na ndiyo maana mbao za mitepe, vyombo vya baharini vya zamani, zilishonwa kwa kamba hizo. Hauhitaji kuyeyushwa wala kusafirishwa kwa meli, na ukizeeka unarudi udongoni wote. Mkonge nao uko jirani. Mtu akipita Kikwetu, Lindi, anauona. Nyuzi hizi mbili ni ngumu mno kwa nguo, hazitamfaa mtoto, lakini kwa vikapu na mikeka, yaani kazi zile zile nilizosema poliesta ya chupa inafaa, zinaweza kushindana nayo bila aibu.

Tangu siku hiyo vikapu vyangu ninavifuma mwili kwa uzi wa chupa na kitako pamoja na vishikio kwa usumba ninaoununua Mikindani, shilingi 2,000 fungu moja. Kikapu cha kwanza cha namna hiyo kilinuka ufukwe kwa wiki nzima na mteja alilalamika. Cha pili niliuloweka usumba wake katika maji matamu siku mbili, nikayabadilisha maji mara nne, nikauanika juu ya bati, na harufu haikurudi. Dukani nimeacha oda ya madonge kumi ya pamba iliyorejelezwa, manne ya bluu na sita ya rangi ya udongo, na nimemwomba mama yule kwamba kila donge atakalolikata anifungie kipande cha lebo yake kwa pini.